Vyungu vya Barazani kwa Miezi Kumi na Miwili: Kuchagua Mimea katika Mji wa Tanga

(Mhadhara uliotolewa jioni mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa Tanga. Unachapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa marekebisho machache.)

Najua wapo wanaodhani kwamba habari za vyungu ni za wenye majumba ya Raskazoni. Sivyo. Mwenye kibaraza cha hatua tatu kule Ngamiani anayo nafasi ya kutosha kwa yote nitakayoyasema leo.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba vyungu vya nje vinavyopendeza mwaka mzima hapa pwani havipatikani kwa kununua maua mengi. Hupatikana kwa kuchagua mimea kwa kufuata mvua, upepo na mwendo wa jua wa hapa hapa. Na nitadai kwamba mingi ya mimea inayotufaa ni ya kwetu tangu asili: tunaipita vichakani, kisha tunauziwa baada ya kusafiri Ulaya na kurudi. Hoja zangu ni sita. Hazilingani kwa urefu, kwa hiyo asishangae mtu nikikawia kwenye moja na kuipita nyingine mbio.

Hoja ya kwanza: Mwaka wetu hugawanywa na maji

Vitabu vingi vya bustani tunavyoviona viliandikwa Ulaya. Huko, adui wa mwenye vyungu ni baridi. Desemba mimea imelala, udongo unaweza kuganda, naye hutafuta kijiti chenye majani yasiyopukutika ili apate cha kutazama mpaka joto lirudi. Sisi hatuna mwezi wa namna hiyo. Joto la Tanga halishuki kiasi cha kuzuia mmea kukua, na kwa kuwa tuko takribani nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Kinachoifanya baraza ipendeze mwezi wa tano na ichukize mwezi wa pili ni maji.

Mnaijua kalenda hii kuliko mimi. Januari na Februari ni kiangazi, jua kali na kaskazi inavuma. Machi masika huanza, na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua nyingi. Kusi huingia, kisha Juni mpaka Agosti ni kipupwe, hewa imepoa na manyunyu ni ya hapa na pale. Oktoba mpaka Desemba ni vuli, mvua ambazo mwaka mmoja huja na mwaka mwingine hutuacha tukitazama juu.

Mti uliopandwa ardhini huvumilia mabadiliko haya kwa sababu mizizi yake huteremka kuutafuta unyevu. Mmea wa chungu hauna pa kuteremka. Kopo jeusi dogo likipigwa na jua la Februari laweza kukauka kati ya asubuhi na jioni, na kopo lilelile Aprili likashinda limelowa majuma mawili mfululizo. Kwa hiyo tunatafuta mmea utakaostahimili mambo mawili yaliyo kinyume, kiu na mafuriko, au tunatafuta mahali pa kuukinga na mojawapo. Ukisimama kwa muuza miche barabarani, usianze na swali la "linatoa maua rangi gani?" Muulize: mwezi wa pili utakuwaje, na mwezi wa nne utakuwaje? Muuzaji mzuri atakujibu. Asiyejua ataanza kukupunguzia bei.

Neno moja kuhusu upepo. Nyumba zinazotazama bahari hupata chumvi hewani, hasa kusi inapovuma kwa nguvu, na ncha za majani huungua zikawa kahawia. Bogenvilia, mshubiri na mimea ya jamii ya mkonge huvumilia. Mimea ya majani mororo ya msituni haivumilii, na hakuna mbolea itakayoisaidia.

Hoja ya pili: Jua huhama upande wa nyumba

Hili naona husahauliwa hata na watu waliokaa Tanga maisha yao yote. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hivi mpaka wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa nyumba zetu. Kuanzia hapo mpaka Machi nyingine, huwa upande wa kusini. Mwezi wa Juni huinamia kaskazini kiasi cha nyuzi 28 kutoka utosini, na Desemba huinamia kusini kiasi cha nyuzi 18. (Walimu wa jiografia, hili ni zoezi la bure kwa wanafunzi wenu: kijiti kimoja, ua wa shule, na kivuli kinachopimwa kama saa sita na nusu mchana mara moja kila mwezi.)

Sasa angalieni linavyotuathiri. Mtu ananunua krotoni mwezi wa Desemba, anaiweka kwenye baraza inayotazama kusini, nayo inang'aa nyekundu na manjano. Ikifika Julai imekuwa kijani kibichi, rangi zimefifia. Anamlaumu muuzaji, anamlaumu jirani mwenye kijicho. Krotoni haikurogwa. Jua limehamia upande wa pili wa nyumba, na krotoni bila jua haina sababu ya kuonyesha rangi. Kinyume chake pia hutokea: mmea wa kivulini uliopendeza pale Juni huungua Desemba.

Dawa yake ndiyo faida kubwa ya chungu kuliko shamba. Chungu huhama. Yatosha kuvipanga upya mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, vya jua vifuate jua na vya kivuli vifuate kivuli. Kwa sababu hiyo, kabla hujanunua pipa la saruji lisiloweza kubebwa na watu wawili, jiulize litakaa upande gani na kama utaridhika nalo kwa miezi yote.

Hoja ya tatu: Majani kwanza

Ua hukaa siku chache au majuma machache. Jani hukaa mwaka. Anayetaka baraza isiyokuwa na mwezi mbaya aanze na majani, halafu maua yaje kuongezea. Kwa baraza yenye vyungu kumi, mimi ningeweka sita vya majani, vitatu vya maua na kimoja cha kula. Mwenye hesabu nyingine aitetee mwishoni, nitamsikiliza.

Wa kwanza katika hivyo sita ni mmea ambao wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia. Mmeuona kwenye mabenki na mahoteli: vijiti vinene vilivyosimama, majani mazito ya kijani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu wengi huuona mmea wa kizungu. Kwao ni hapa, kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar mpaka Afrika Kusini, chini ya miti na kwenye miamba. Wataalamu wa Ulaya walikuwa nao tangu miaka ya 1820, lakini biashara yake kubwa ilianza kiasi cha mwaka 1996, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi. Australia huuzwa kwa jina la Kito cha Zanzibar. Sisi tunaununua ukiwa ndani ya chungu cha plastiki, kwa bei ya mgeni. Una mashina manene chini ya udongo yanayoweka akiba ya maji, ndiyo maana kiangazi hakiutishi. Hupenda kivuli chenye mwanga. Kinachouua ni mkono wa mtu anayemwagia maji kila asubuhi kwa huruma.

Wa pili ni ule wa majani marefu yaliyosimama wima kama panga, unaofanana na mkonge lakini hauna miiba, wataalamu wakiuita Sansevieria. Aina zake nyingi ni za Afrika, na kadhaa huota zenyewe katika nyika zetu kavu. Siku hizi wataalamu wameuingiza katika jamii ya Dracaena, jamii ileile ya masale ya Kilimanjaro, mmea ambao Wachaga hupandia mipaka ya vihamba na huupeleka mkononi mtu anapoomba radhi. Masale nayo hukaa vizuri kwenye chungu kikubwa chenye kivuli. Nawaonya kwa jambo moja: Sansevieria yenye ukingo wa manjano haizalishwi kwa kipande cha jani. Utapata mche, ndiyo, lakini utatoka wa kijani mtupu. Ukitaka manjano yake, gawanya shina kwenye mizizi.

Krotoni nimekwisha kuitaja. Jua, na maji ya kutosha kiangazi. Yatosha.

Mmea wa nne ningeutaja kwa tahadhari: mtapo. Ni mzuri kupita kiasi, shina kama la mnazi mfupi na majani magumu ya kijani, nao ni wa pwani yetu. Lakini mitapo ya jamii ya Encephalartos imo katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na hukua polepole mno. Anayekuletea mtapo mkubwa uliong'olewa amekuletea mti wa miaka mingi ulioibwa msituni. Ukataeni.

Hoja ya nne: Maua yapokezane

Kosa la kawaida ni kununua maua yote siku moja. Siku hiyo huwa ni sikukuu au harusi inakaribia, na kila kilichopo kwa muuzaji kimechanua pamoja. Basi huchoka pamoja pia. Maua yanatakiwa yaingie kazini kama walinzi wa zamu, mmoja akitoka mwingine amekwisha fika.

Zamu ya kiangazi naikabidhi kwa bogenvilia. Rangi tunayoiita ua lake ni majani membamba yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile viua vyeupe vidogo vitatu vilivyo katikati. Asili yake ni Amerika Kusini, na jina ni la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Tabia yake inamfaa mtu mvivu. Ukiinywesha kila siku na kuijaza samadi, hutoa majani na miiba. Mizizi ikibanwa na chungu, ikaonja kiu mpaka majani yalegee kidogo ndipo ipewe maji, hujaa rangi. Masika itakuwa kijani. Iacheni, ikateni matawi mvua zikiisha, itarudi.

Pamoja nayo aweko waridi la jangwani, Adenium obesum. Huyu ni mwenyeji wa nyika kavu kuanzia kwetu Afrika Mashariki mpaka Oman na Yemeni. Shina limevimba chini kama kibuyu, maua ni ya waridi iliyokolea, na huchanua sana wakati udongo ni mkavu na kila kitu kingine kimenyauka. Hukuzwa kwa mbegu, kwa hiyo hakuna haja ya kuung'oa porini. Mvua za Aprili ndizo hatari yake, kwani shina lile huoza. Masika ikianza usogezeni chini ya paa. Na utomvu wake ni sumu. Wawindaji waliupaka kwenye mishale. Nyumba yenye mtoto anayetambaa iuweke juu, au isiwe nao.

Kuna mimea miwili ya Madagaska isiyojali zamu, huchanua karibu miezi yote. Mmoja ni Euphorbia milii, kile kijiti chenye miiba mingi na viua vyekundu vidogo, ambacho wengine hukiita taji la miiba. Mwingine ni vinka, wenye viua vya vipande vitano, vyeupe au vya zambarau, unaojiotea hata kwenye nyufa za saruji. Huu ndio mmea ambamo zilipatikana dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Naona bibi mmoja ameinua kidole, na nadhani najua atakalouliza: la, bibi, usiuchemshe nyumbani. Dawa zile hutolewa kwa vipimo vidogo sana hospitalini, na mmea wenyewe una sumu.

Masika na kipupwe ni zamu ya ua ambalo lingepaswa kuwa maarufu kwetu kuliko popote. Ni Impatiens walleriana, wenye shina la majimaji na maua bapa mekundu, meupe au ya waridi, ambao tumba lake la mbegu lililokomaa hupasuka ukiligusa. Huota kwenye mabonde yenye kivuli Afrika Mashariki. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar zama za Seyyid Barghash, alipeleka mmea huu London kwenye bustani ya Kew, na mwaka 1882 Joseph Hooker akautangaza kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilibainika kuwa ni mmea uleule ambao Hooker mwenyewe alikwisha kuupa jina la walleriana mwaka 1868. Ukawa miongoni mwa maua ya vyungu yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani, ukipelekwa kwa wateja wasiojua hata mji wetu uko wapi. Hapa Tanga uwekeni upande unaopata jua la asubuhi peke yake. Kuanzia Mei mpaka Septemba utapendeza. Kiangazi utazirai kila adhuhuri. Msigombane nao, kateni vijiti vichache mviweke kwenye glasi ya maji kivulini, vitatoa mizizi, na muanze upya mvua zikirudi.

Mvua za kwanza nazo zina watu wake, na hapa nitawaomba subira ambayo wengi hawana. Kuna mimea inayolala. Scadoxus multiflorus, kitunguu cha porini ambacho mvua ikigusa udongo hutoa mpira mmoja mwekundu wa viua vingi sana, mara nyingi kabla ya majani kukamilika. Gloriosa superba, mtambao wenye ua la ncha zilizopinda juu kama ndimi za moto, nao una kiazi chini, na kiazi hicho ni sumu kali. Yote miwili ni ya kwetu. Ukame ukija majani hukauka, chungu hubaki na udongo mtupu, na hapo msaidizi wa nyumbani au mjomba mpenda usafi hukimwaga. Kiandikeni: "Kimelala, kisitupwe." Kisogezeni nyuma ya vingine, msikinyweshe, mkirudishe mbele mawingu yakikusanyika.

Mwenye pipa na nafasi zaidi aongeze haibiskasi ya pwani, Hibiscus schizopetalus. Ua lake huning'inia kwa uzi mrefu, vipande vyake vyekundu vimechanikachanika kama kitambaa cha mapambo. Huo ni mzaliwa wa misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na ukipewa maji hauna mwezi maalumu wa kuchanua.

Hoja ya tano: Baraza hutumika usiku

Nani kati yetu hukaa barazani saa nane mchana? Mchana tuko kazini, au tumejificha na joto. Baraza ya mtu wa pwani huanza uhai wake alasiri, na hunoga baada ya Magharibi. Basi mbona tunachagua mimea kwa rangi zinazoonekana mchana? Nyekundu ikifika saa moja usiku ni nyeusi. Linaloonekana gizani ni jeupe, na linalosikika bila taa kabisa ni harufu. Umeme ukikatika, bustani ya harufu haikatiki.

Katika hili mama zetu walikwisha kutufundisha zamani. Asumini haikupandwa karibu na mlango kwa bahati. Matumba yake huchumwa jioni kabla hayajafunguka, yakatungwa koja au yakafungwa kikuba pamoja na rehani na waridi, na usiku yakafunguka kifuani au nyweleni. Mmea huu hukubali kabisa kopo la rangi la lita 20 lililotobolewa chini. Upewe jua la nusu siku au zaidi, na baada ya kila mkupuo wa maua ukatwe ncha, kwa sababu maua huja kwenye vichipukizi vipya. Asumini isiyokatwa huwa kichaka kirefu chenye maua mawili.

Rehani iwe jirani yake. Ikianza kutoa vikonyo vya mbegu vichumwe, la sivyo itamaliza kazi yake na kufa. Mhina hukaa kwenye pipa, na wengi wanaojua majani yake hawajapata kunusa maua yake, ambayo ni madogo na yenye harufu nzito jioni. Mlangilangi wa kawaida ni mti mkubwa, usijaribiwe; upo wa aina fupi, na huo ukiupata utunze. Na kile chungu kimoja cha kula nilichokisema, kiwe mchaichai, mnanaa au pilipili mbuzi. Pilipili ina rangi tatu juu ya kijiti kimoja, na supu haikosi mwenye kuikamulia.

Hoja ya sita: Chombo, udongo na sahani

Nitakwenda haraka. Chungu cha udongo wa kufinyanga hupumua na hukausha upesi: kizuri kwa waridi la jangwani na Sansevieria, kigumu kwa Impatiens. Plastiki hushika maji lakini ile nyeusi hupata moto juani. Debe na kopo la rangi havina ubaya wowote. Tundu la chini ndilo sharti, na liwe zaidi ya moja.

Wengi wetu tulifundishwa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Hayapiti vizuri zaidi. Maji husita kuteremka kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ule ulowe kabisa, kwa hiyo kokoto huipandisha sehemu iliyolowa karibu na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Wekeni kigae kimoja juu ya tundu ili udongo usitoke, na chungu chote kijazwe mchanganyiko mmoja: udongo wa shambani, mboji, na mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Usumba wa nazi unafaa sana kushika unyevu, lakini kama makumbi yake yalifukiwa pwani kwenye maji ya bahari, usuuzeni mara kadhaa kwa maji baridi.

Chumvi pia hutoka visimani. Mkiona ukoko mweupe kwenye midomo ya vyungu, mmeipata. Mvua za masika huiosha. Kiangazi tumieni maji ya kuoshea mchele, au yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo hayana chumvi kabisa. Maji ya sabuni ya unga, hapana.

Na sahani za chini ya vyungu. Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wanaoieneza, Aedes, huuma mchana na hutaga katika maji machache yaliyotuama karibu na nyumba: matairi, makopo, na sahani hizi. Kutoka yai mpaka mbu huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Sahani imwagwe na kusuguliwa kila wiki, au iondolewe kabisa wakati wa mvua. Mimi huwashauri watu waiondoe.

Yaliyo mbele yetu

Bibi Mwenyekiti, bado sijautaja mmea uliolipeleka jina la milima yetu ya Usambara duniani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekaa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota kimmea chenye majani ya manyoya na viua vya zambarau. Hakukiona Usambara peke yake, bali pia kwenye mawe ya chokaa si mbali na mji huu. Alikipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akakiandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo kimo madirishani Ulaya na Marekani katika rangi ambazo hakikuwa nazo, na vilabu vya wapenzi wake hukutana kukishindanisha. Huku kwao, misitu inayokihifadhi inapungua. Katika mji wa Tanga sijui baraza ngapi zinacho, ila nyingi nilizopita hazinacho.

Sababu si joto peke yake. Yale mawe ya chokaa yako chini, karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo ipo mbegu iliyozoea joto letu. Kinachotakiwa ni kivuli, jiwe au chungu chenye unyevu, na maji yanayotiwa pembeni bila kulowesha majani. Nacho huzalishwa kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye mchanga, hivyo hakuna mtu mwenye udhuru wa kung'oa mmea mzima msituni.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, shule zetu zianzishe vitalu vidogo vya mimea ya pwani hii, zikianza na hiyo minne isiyo na shida: Zamioculcas, Sansevieria, Impatiens na haibiskasi ya pwani. Bustani ya utafiti ya Amani imekuwa juu ya mlima hapo tangu 1902. Walimu wapande na wanafunzi wakaitembelee, wajue kilicho chao. Pili, wauza miche wa mji huu wapate wateja wanaouliza mimea hiyo kwa jina. Mfanyabiashara huleta kinachoulizwa.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna majani ya Zamioculcas, yamekatwa asubuhi ya leo. Kila nyumba ichukue mawili. Chomekeni upande wa kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pa kivuli, muandike tarehe kwenye kopo. Huchukua miezi kabla chochote hakijaonekana juu ya mchanga, kwa hiyo msiyafukue kuyachungulia.